Kokwa za Tende za Mzee Taib

Kila asubuhi Baya alijaza mitungi kabla maji hayajakatika, akampelekea chai baba yake aliyetoka zamu ya usiku bandarini Kilindini, kisha akashika njia ya shule huku akizungumza na yeyote aliyekubali kumsikiliza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Kama kuzungumza kungekuwa na mshahara, familia yake ingekwisha hama Buxton zamani ikajenga jumba la bustani kule Kizingo. Shuleni walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Kukitakiwa mtu wa kusoma shairi au kumkaribisha mgeni, jina lake ndilo lililotajwa kwanza.

Muhula huo Mwalimu Priscah, aliyewafunza Gredi ya Saba masomo ya jamii, aliwapa mradi kuhusu eneo bunge lao la Mvita. Wengi wao walilisikia jina hilo wakati wa kampeni tu, magari ya vipaza sauti yakipita mitaani na kuwaharibia usingizi. Sasa walitakiwa kujua mipaka yake, wadi zake tano, na namna watu walivyowachagua wabunge wao miaka ya nyuma. Baya alipewa kazi mbili. Ya kwanza ni kuchora ramani. Ya pili ni kwenda Mji wa Kale kumhoji Mzee Taib, aliyekuwa karani wa uchaguzi zamani. Mwalimu aliwahi kumsikia mzee huyo akizungumza, miaka mingi iliyopita, na hakumsahau. Alimweleza Baya njia mpaka kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, akamwambia apige hodi, asalimie kwa adabu, kisha aketi asikilize.

“Na maneno yake uyaandike kama alivyoyasema,” alimwambia.

Jumamosi Baya alitoka nyumbani na daftari mkononi, kweli kabisa akiwa na nia ya kwenda. Tatizo ni kwamba njia yake ilipita uwanjani Tononoka, na siku hiyo timu ya mtaa wao ilikuwa imekosa kipa. Aliahidi kucheza kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha kwanza kikazaa cha pili, cha pili kikazaa mikwaju ya penalti, na jua likazama Baya angali amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Jumapili baada ya kanisa alifungua kitabu cha masomo ya jamii. Humo alisoma juu ya uchaguzi wa mlolongo wa miaka ya themanini, wakati ambapo hapakuwa na karatasi za kura bali wapiga kura walijipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, wakahesabiwa hadharani. Habari alikuwa nayo, basi. Alichokosa ni mzee wa kuisema, naye akamtengeneza. Alimpa kikohozi, akampa kicheko, akajikaribishia mwenyewe kahawa na halua. Kisha akamtia maneno kinywani: “Mjukuu wangu, siku za mlolongo zilikuwa njema. Tuliwahesabu watu, mwenye mstari mrefu akatangazwa, sote tukarudi nyumbani tumeridhika.” Aliposoma alichoandika, alipendezwa hata akasahau kwamba ni uongo. Ramani nayo akaichora haraka haraka, akalivusha eneo bunge ng'ambo ya daraja la Nyali kwa kuwa karatasi ilikuwa na nafasi upande ule.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Baya alisimama na ramani yake, akasoma mahojiano kwa sauti ya mzee, akakohoa palipotakiwa kukohoa. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Makofi yalipotulia, mwanamke mmoja aliyevaa buibui alisimama katikati ya ukumbi. Aliitwa Mwanakuu, na binti yake Lamis alikuwa Gredi ya Nne.

“Mwanangu, huyo Mzee Taib ni babangu,” alisema. “Amesema nawe kwa ulimi wake?”

Baya akajibu ndiyo, Jumamosi. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Mwanakuu akashika kiti kilichokuwa mbele yake. Akawaeleza watu kwamba babake alipatwa na kiharusi mwaka jana, akapooza upande wa kulia, na tangu siku hiyo hajatamka hata neno moja. Jumamosi yeye alikwenda Marikiti kununua vitu, akamwacha mzee na jirani aliyekuwa akiingia na kutoka. Kumbe mtoto wa watu alikuja wakati huo, na Mungu akaufungua ulimi wa babake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. Alitoa simu palepale akampigia ndugu yake aliyekuwa Malindi.

“Mzamil, baba amesema,” alisema, akimwita aje. “Ndoo, ndugu yangu. Ndoo sasa hivi.”

Akamshika Lamis mkono, wakatoka karibu wakikimbia. Nyuma yao wanawake wakapiga vigelegele, na mwalimu mkuu akasema siku hiyo haitasahaulika.

Baya alibaki jukwaani amepigwa na butwaa. Alijua alikuwa amedanganya ili apate alama, na uongo wa alama hakuuona kuwa na uzito mkubwa. Huu wa sasa ulikuwa umemfanya mwanamke mzima alie mbele za watu kwa furaha isiyokuwapo. Kila dakika aliyonyamaza, yule mama alizidi kukaribia nyumbani.

Alimfuata Mwalimu Priscah mlangoni akamwambia yote kwa sentensi tatu. Hakuongeza chumvi. Mwalimu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hakumkaripia, na hilo lilimtisha Baya kuliko fimbo. Alimuaga mwalimu mkuu, akasimamisha tuktuk, akamwambia Baya aingie na ramani yake na karatasi ya mahojiano.

Walipofika Mji wa Kale, mlango wa kijani ulikuwa wazi na majirani wamejaa ukumbini. Mtu alikuwa amekwisha leta birika la kahawa na sahani ya tende. Ndani, Mzee Taib alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito, kofia safi kichwani. Mwanakuu alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameushika mkono wake uliopooza.

“Baba, nambie na mimi,” alikuwa akimsihi. “Neno moja tu.”

Midomo ya mzee ikacheza. Mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamlowesha paji la uso. Alijaribu tena na tena, na hakuna kilichotoka isipokuwa pumzi. Majirani walikuwa wakimtia moyo, wakidhani amechoka tu. Baya aliyaona hayo akiwa mlangoni. Yule mzee alikuwa akiteswa, na mtesaji ni yeye.

“Mama, mwache,” alisema. “Hakusema. Mimi sikuja hapa Jumamosi. Nilikuwa nikicheza mpira, na maneno yale nimeyabuni.”

Mwanakuu aligeuka polepole, akamtazama Baya, kisha mwalimu, kana kwamba mwalimu angeweza kuyakanusha. Mwalimu Priscah aliinamisha uso. Hapo Mwanakuu akaketi mkekani kama mtu aliyekatwa miguu. Hakulia tena. Jirani mmoja akaanza kufoka, yeye akamzuia kwa mkono.

“Mzamil yuko njiani,” alisema. Akabonyeza simu, akamnyoshea Baya. “Mwambie wewe.”

Baya aliipokea kwa mikono miwili. Akasema shikamoo, akasema yeye ndiye mtoto aliyedai kuzungumza na Mzee Taib, na kwamba ni uongo. Upande wa pili alisikia mngurumo wa gari na watu wakizungumza. Mzamil akamwambia kwa sauti ya chini ampe dada yake. Mwanakuu alisikiliza, akasema amefahamu, akaiweka simu chini.

“Yuwaja vivyo hivyo,” alisema, bila kumtazama mtu.

Hapo ukasikika mlio wa sinia likigongwa. Ni Mzee Taib. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, na alikuwa akiligonga sinia la kahawa lililowekwa kando ya kitanda. Macho yake makali yalikuwa yamekazwa kwenye karatasi iliyokunjwa kwapani mwa Baya. Alikuwa amesikia kila neno.

Mwalimu Priscah aliikunjua ramani mapajani mwa mzee. Mzee akaichunguza, akaweka kidole ng'ambo ya daraja la Nyali, akatikisa kichwa kukataa. Kisha kidole kikaanza kutembea. Kilipita Mji wa Kale kikifuata ukingo wa maji, kikazunguka Kizingo, kikapanda Kilindini na Shimanzi hadi Makupa, kikashuka Tudor hadi pale kilipoanzia. Akakigonga kisiwa kizima kwa kiganja.

“Kisiwa chote,” alisema Baya kwa woga. “Bahari ndiyo mpaka. Na Buxton kwetu imo, na hapa pamo.”

Mzee akainamisha kichwa kukubali. Halafu akaelekeza kidole kwenye karatasi ya mahojiano, na kutoka hapo kwenye kinywa cha Baya. Alitaka asomewe alichosemeshwa. Baya angetamani ardhi immeze. Alisoma kwa sauti yake mwenyewe, bila kukohoa, na alipofika kwenye siku njema za mlolongo, mzee aliligonga sinia kwa nguvu hata vikombe vikaruka.

Akavuta sahani ya tende. Majirani walikuwa wamekwisha kula nyingi, zimebaki kokwa. Alizipanga kwenye sinia moja moja. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu, ukafika ukingoni. Wa pili ulikuwa mfupi, kokwa chache tu. Alipomaliza alimtazama Baya, akangoja.

“Hawa ni watu,” alisema Baya. “Ni wapiga kura wa mlolongo. Wewe ndiye uliyewahesabu?”

Mzee akakubali. Kisha akaufagia mstari mrefu kwa kiganja, kokwa zikaanguka mkekani. Akachukua kokwa moja kutoka mstari mfupi, akainyanyua juu ya kichwa chake.

Baya alielewa. “Akatangazwa mwenye mstari mfupi?”

Mzee akakubali. Mwalimu Priscah aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amesoma kuhusu malalamiko ya namna hiyo vitabuni, lakini hakuwahi kukaa mbele ya mtu aliyehesabu. Mzee Taib aliiweka kokwa chini, akajigusa kifua, akaonyesha mlango.

Aliyefahamu safari hii ni Mwanakuu. “Baba, ndipo ukatoka kwenye ukarani?” aliuliza polepole. “Ndipo ukaanza kushona kofia?”

Mzee akakubali, na machozi yakamshuka shavuni.

“Na sisi tukidhani ulifukuzwa,” alisema Mwanakuu. “Mama amekufa akidhani ulifukuzwa.” Alimfuta babake uso kwa ncha ya mtandio. “Mwaka mzima nakulisha, nakubadilisha shuka, nasema na watu juu ya kichwa chako. Sikukuuliza kitu.”

Baya aliokota kokwa zilizoanguka, akazirudisha kwenye sahani moja baada ya nyingine. Ndipo Mwanakuu alipomgeukia. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka.

“Usije ukafikiri uongo wako umeleta heri,” alimwambia. “Ungekuja Jumamosi ukauliza, haya yote tungeyajua bila ya mimi kuvunjika moyo mbele ya shule nzima, na bila ya ndugu yangu kulia ndani ya gari. Babangu aliacha kazi kwa sababu hakutaka jina lake litiwe kwenye hesabu ya uongo. Wewe ukamtia kinywani maneno ya watu wale wale aliowakimbia, akiwa hana ulimi wa kuyakataa.”

Baya aliomba radhi, kwa mzee kwanza, kisha kwa bintiye. Mzee Taib akachukua tende moja iliyobaki, akamwekea mkononi, na akaonyesha mkeka. Baya akaketi. Siku ile alikaa mpaka alasiri, akiuliza na kungoja, na pale asipoelewa aliuliza tena. Mzamil aliwakuta hivyo. Aliingia na macho mekundu, akambusu babake mkono, na badala ya kumtaka aseme, alimuuliza swali.

Jumatatu, mbele ya gwaride la shule, Baya alieleza alichofanya. Aliisikia minong'ono, akaona nyuso za wenzake zikibadilika, lakini hakukatiza sentensi. Kisha akabandika ubaoni ramani mpya, kisiwa chote na bahari mpaka wake, na karatasi fupi kuliko ile ya kwanza. Mwalimu Priscah alisimama kando yake. Aliwaambia wanafunzi kwamba kusema kwa niaba ya mtu mwingine ni amana, sawa na kura yake. Anayetaka kuibeba lazima kwanza aende kwa mwenyewe, amuulize, na angoje jibu hata kama litakuja kwa kidole.

Halafu akamwomba Baya asome. Baya, msemaji mkubwa wa Gredi ya Saba, akasoma mwanzo wa karatasi yake polepole ili wote wasikie: “Mzee Taib hakusema neno. Haya ndiyo aliyonionyesha.”