Kadi Zilizotoweka Kwenye Droo ya G

Mhudumu wa usafi aliikuta droo wazi Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Ilikuwa droo ya herufi G katika ofisi ndogo iliyokuwa ikitunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kadi thelathini na moja hazikuwemo, zote za maneno yanayoanza na "gn". Kila kadi ilibeba neno moja, maana yake na jinsi ya kulitamka, na hazikuwa na nakala. Mchapaji alikuwa anazisubiri Ijumaa ya wiki hiyo.

Inspekta alifika saa tatu kasoro robo akiwa amenuna. Mji mzima una wezi wa maana, yeye kaitwa kutafuta maneno ambayo hajawahi kuyahitaji hata siku moja.

"Mlango haujavunjwa," alisema Mkurugenzi, mama mwenye sauti ya kukatisha mazungumzo. "Funguo ni mbili. Moja ninayo mimi, na nimerudi safari leo. Ya pili anayo huyu." Alimnyooshea mhudumu kidole. "Ikifika saa sita simtaki hapa. Mwende naye kituoni."

"Kadi nizipeleke wapi, Mama? Nikazikaange?" alijibu mhudumu. Alikuwa na watoto wawili na kazi hiyo moja tu.

Kwenye meza ya dirishani, Mzee Kadi aliendelea kuchonga penseli. Huyu alikuwa mtunzi mkongwe kuliko wote pale, na mhudumu alikuwa mtoto wa dada yake. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi miaka mitatu iliyopita. Inspekta alingoja mjomba mtu aseme neno. Mzee akachukua penseli nyingine.

Aliyefuata kuhojiwa ni mtaalamu wa matamshi, kijana mtanashati mwenye shavu lililovimba. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na wiki iliyopita alikuwa amegombana na Mkurugenzi kwa sababu hiyo. Inspekta akamkazia macho.

"Uliziona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa, saa nane mchana. Nilimaliza kuandika matamshi, nikaenda kung'oa jino. Sikurudi. Daktari wa meno yupo, muulize."

Inspekta alipiga simu. Daktari alithibitisha kwamba alikaa naye hadi saa kumi na moja, saa ya ofisi kufungwa, tena kijana alipiga kelele kama mtoto.

"Kabla ya kuondoka uliongea na nani?"

"Na Mzee. Nilimwonyesha kwamba kwenye maneno yale G inaandikwa tu, haitamkwi. 'Gnaw', yaani kuguguna, ni 'noo'. 'Gnash', kusaga meno, ni 'nash'. 'Gnomon', kile kijiti cha saa ya jua, ni 'nomon'. Nilidhani atacheka."

"Akacheka?"

"Aliniuliza kama nina hakika. Nikamsikilizisha kwenye simu. Alitaka nirudie mara tatu."

Inspekta aliirudia droo. Mahali pa kadi zilizopotea palikuwa na kadi moja ya manjano, tupu, imesimama wima.

"Hii nini?" alimuuliza mhudumu.

"Sijui, Afande. Tangu nije sijaiona."

Mtaalamu naye akatikisa kichwa. Mkurugenzi aliichukua, akaigeuza.

"Ni kadi ya nafasi. Zamani ukitoa kadi, uliacha ya manjano mahali pake, wenzako wajue zimechukuliwa na zitarudi. Tuliacha miaka minne iliyopita. Siku hizi tunaandika kwenye daftari."

"Na waliokuwa wakifanya hivyo?"

"Wamestaafu wote. Nimebaki mimi na..." Aligeukia meza ya dirishani.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Inspekta alivuta kiti hadi dirishani, akaketi. Hakuipenda kazi yake saa ile.

"Shikamoo, Mzee. Mwizi gani anaacha ishara kwamba atarudisha?"

Mzee Kadi aliweka penseli chini. "Miaka kumi na minane, mwanangu. Mkono umezoea, hauniulizi." Alifungua mtoto wa meza, akatoa furushi la leso. Kadi zote zilikuwemo, zimepangwa vizuri. "Nilizitoa Ijumaa kabla ofisi haijafungwa, nikikusudia kuzichoma. Nilishindwa."

"Kwa nini uliziiba?"

"Kwa ajili ya huyu." Hakumtazama mhudumu. "Akipumzika hapa husoma kadi. Angeziona. Miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa bado mwalimu, nilimsimamia mtihani wa kusoma kwa sauti. Kifungu kilikuwa cha panya anayeguguna kamba, na neno lile lilitokea mara nne. Mara zote nne akasema 'noo'. Mimi nilifundishwa 'ginoo', na nikafundisha 'ginoo'. Nikamkata alama nne. Akafeli kwa alama mbili, shule ikaishia hapo. Mama yake alikuja kunilalamikia, nikamwambia sipendelei damu yangu. Nilijiona mtu wa haki kwelikweli. Ijumaa ndiyo nimejua."

Mkurugenzi alianza kusema kitu kuhusu samahani, akakiacha njiani. Mhudumu alisogea hadi kwenye meza ya mjomba wake.

"Mimi nilijua siku ileile, Mjomba. Nilikuwa nasikiliza redio kwa jirani kila jioni, nilijua nimesema sawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa mwalimu, tena mjomba. Nililia, halafu nikasema basi, hakujua. Nikakusamehe. Ulipokuja kunitafutia kazi, nilikuwa nimeshakusamehe siku nyingi."

Mzee alimshika mkono. "Nisamehe na hili, mwanangu."

Mhudumu aliuondoa mkono wake taratibu, bila hasira.

"Leo nimeitwa mwizi kwa masaa matatu na wewe umekaa hapo. Leo ulikuwa unajua, Mjomba. Hili sijui nitalisamehe vipi."

Alitoka. Mzee Kadi alimwita mara mbili, ya pili kwa jina la utotoni ambalo hakuwa amelitumia tangu mtihani ule. Walisikia hatua zake zikishuka ngazi hadi chini.