Kisu cha Mifupa na Kisu cha Mboga

Ta!

Mlio ulitoka jikoni. Mhunzi aliweka kikombe chake cha chai chini. Haukuwa mlio wa sahani, wala wa mfupa. Aliujua mlio ule: chuma kimevunjika.

"Mkwe wangu!" mama mkwe aliita. "Njoo umchukue mtoto wako!"

Mtoto mwenyewe alikuwa kisu. Mama mkwe alishika kipini na nusu ya kisu. Nusu nyingine ilikuwa sakafuni, karibu na ukuta.

Mama mkwe aliwapikia mafundi wa ujenzi. Kila asubuhi alikata mifupa ya supu.

"Kipande kimepita hapa," alisema, akigusa shavu. "Kisu chako cha kwanza kilijikunja kama ulimi wa ng'ombe. Hiki cha pili kinataka kunitoa jicho. Nakupenda, baba, lakini jicho langu nalipenda zaidi. Jumamosi naenda kununua dukani."

Mkewe alijiziba mdomo asicheke. Mhunzi hakuona cha kuchekesha. Nani atanunua kisu kwake, ikiwa mkwewe mwenyewe anakimbilia dukani?

"Nipe nafasi moja tu, mama."

"Ya mwisho, baba. Nimesema ya mwisho."

Mhunzi alifunga vipande vile kwenye kitambaa, akaenda kwa jirani yao. Jirani huyo aliwanolea maseremala misumeno. Watu walimwita Mama Cheche, kwa sababu mlangoni kwake cheche ziliruka mchana kutwa.

"Karibu, fundi. Umeniletea maiti?"

"Kisu, dada. Na aibu juu yake." Mhunzi akamweleza yote. "Cha kwanza nilikitengeneza kwa nondo, kikawa laini. Nikasema, sasa natafuta chuma kigumu kuliko vyote. Nikachukua tupa kuukuu, ile ya kunolea mapanga. Nikaipasha moto, nikaifua, nikaipasha tena ikawa nyekundu, nikaitumbukiza majini. Ilitoa mlio mtamu!"

"Halafu?"

"Halafu nikaweka kipini."

Mama Cheche akagonga viganja. "Hapo ndipo ulipopotea! Vaa miwani hii, nikuonyeshe."

Aliwasha mashine yake ya kunolea. Akagusisha kipande cha nondo. Cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, chache tu zikigawanyika. Akagusisha springi ya gari. Cheche zikaanza kuchanua nchani. Kisha akagusisha kipande cha tupa. Lo! Cheche zilikuwa fupi, zikapasuka kila upande kama maua.

"Tofauti ni kaboni," alisema. "Nondo ina kaboni kidogo. Hata uipashe vipi, haishiki makali. Tupa ina kaboni nyingi. Inashika makali sana, lakini inavunjika upesi. Springi iko katikati. Ni ngumu, na inastahimili kipigo."

"Kwa hiyo tupa haifai?"

"Inafaa sana! Kwa mboga na nyama laini. Wewe umeipeleka vitani na mifupa. Mifupa iachie springi, ila kwanza iangalie vizuri isiwe na ufa."

"Na maji je?"

"Maji yanapoza haraka mno, chuma kinaweza kupasuka. Kipashe mpaka sumaku isikishike, kisha kizamishe kwenye mafuta. Weka mafuta kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, yakishika moto uyafunike. Kisha usikimbilie kipini! Kisugue king'ae ili uione rangi, ukipashe tena polepole. Cha tupa, subiri rangi ya nyasi kavu. Cha springi, subiri ifike zambarau. Moto huo wa pili ndio unaoondoa wepesi wa kuvunjika."

"Kumbe nilikuwa nakula ugali mbichi!"

"Na ulimpa mkweo aonje."

Mhunzi alirudi kwenye karakana yake kama mtu aliyeitwa harusini. Alifua springi ikawa kisu kinene. Alifua tupa ikawa kisu chembamba. Alipasha, akazamisha kwenye mafuta, akasugua, akapasha tena. Aliitazama rangi ikitambaa juu ya chuma, akajizuia asiharakishe. Kujizuia huko ndiko kulikomtoa jasho.

Jumamosi asubuhi, mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kwenda dukani. Mhunzi aliweka visu viwili mezani.

"Kinene ni cha mifupa, mama. Chembamba ni cha mboga. Usivibadilishe kazi."

Mama mkwe alimtazama. Akawaambia wote warudi nyuma. Akainua kisu kinene.

Ta!

Safari hii ulikuwa mlio wa mfupa. Mama mkwe aligeuza kisu kwenye mwanga. Hakikupinda, wala hakikumeguka. Akachukua chembamba, akakata kitunguu. Vipande vikalala vyembamba kama karatasi. Akavua viatu.

"Hiki kinene nani alikijaribu kabla yangu?" aliuliza.

"Mimi, mama. Jana, kwa mfupa mnene kuliko huo."

"Na vile vya zamani?"

Mhunzi akainamisha kichwa. "Ulivijaribu wewe."

"Basi toa ahadi, mkeo asikie."

Mhunzi akainua sauti, mpaka Mama Cheche akazima mashine yake kule kwake.

"Mama, nakuahidi: kisu chochote nitakachotengeneza kitajaribiwa kwanza na mkono wangu, kabla hakijaingia mkononi mwako au mwa mtu mwingine yeyote."