Uvimbe Shavuni mwa Muno

Istar alikuwa akimsuka binti yake Muno mbele ya nyumba yao, Kitengela. Kidole chake kikagusa kitu kigumu shavuni mwa mtoto, kama punje ya haragwe. Muno hakulia. Alitaka tu kwenda kucheza.

Baba yake, Haibe, muuza mbuzi, alisema ni jino bovu, ling'olewe. Kwa Haibe kila uvimbe usoni ni jino. Lakini mama yake Haibe, Nyanya Ardo, alilelewa Garissa kati ya ngamia. Ngamia akivimba, huchomwa kwa chuma cha moto. Hata watoto wake aliwachoma vivyo hivyo. Akaweka msumari kwenye jiko.

Istar hakuzoea kubishana na mama mkwe. Lakini uso ni wa mtoto, na kovu la moto halifutiki. Akapiga moyo konde. Akamwomba Nyanya asubiri, akakimbia kwa jirani.

Jirani huyo, Rachel, ni muuguzi wa kliniki ya meno. Alikuja na unga wa chapati mikononi. Alimsalimu Nyanya kwa heshima, kisha akauangalia ule uvimbe.

"Mama, usichome," alisema. "Moto utaleta kidonda, na ugonjwa wenyewe hatutaujua. Na jino pia lisitolewe kabla mtoto hajapimwa. Kesho mumlete kliniki."

Nyanya Ardo alinuna, lakini akautoa msumari motoni. Kesho yake aliandamana nao, ahakikishe mjukuu wake haonewi.

Daktari Lemein aligonga meno ya Muno moja moja, kisha akayapiga picha. Yote yalikuwa mazima. Akaivuta ngozi ya shavu kidogo, na uvimbe ukasogea pamoja nayo.

"Hii iko kwa ngozi, sio kwa jino," alieleza. "Watoto hupata uvimbe kama huu. Mara nyingi sio saratani, lakini kuangalia tu haitoshi. Itolewe, ipimwe."

Akawatuma hospitali ya Kajiado. Huko Muno alidungwa sindano ya ganzi, uvimbe ukatolewa, kisha ukapelekwa maabara. Istar hakupata usingizi mzuri hadi majibu yalipotoka. Haikuwa saratani. Alilia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Shavu lilipopona, walirudi kwa Daktari Lemein. Kovu lilikuwa jembamba, halionekani ila ukilitafuta. Daktari akaridhika, na familia ikaanza kuaga.

Nyanya Ardo hakuaga. Alikwenda akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akajifunika shuka yake vizuri.

"Daktari," alisema, "hebu angalia na hili jino langu la nyuma. Limeniuma tangu Muno hajazaliwa."