Fungu la Esha Juu ya Ukuta

Tangu Esha aende Omani kufanya kazi, mama yake alishindwa kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono ulikuwa umezoea. Bi Mwanapili akitia mchele sufuriani, alijikuta ametia wa watu wawili. Akikanda unga, chapati zilitoka nne. Mbili alikula, mbili zikabaki.

Kutupa chakula alikuona ni dhambi. Basi akawa analiweka fungu la Esha juu ya ukuta wa uani, nyuma ya nyumba yake kule Diani. Tumbili wa msitu wa jirani wakaliona. Wa kwanza kuja alikuwa jike aliyebeba mtoto kifuani. Kila adhuhuri alikaa ukutani, akala kwa vidole vyake vyembamba.

"Kula, mama, usione haya," Bi Mwanapili alimwambia. Kisha akamsimulia habari za goti linalouma, na za Esha, ambaye hajapiga simu tangu Ijumaa.

Baada ya miezi mitatu, tumbili walifika kumi na mmoja.

Siku moja Bi Mwanapili alikwenda harusini Msambweni. Adhuhuri ilifika, ukuta ukawa mtupu. Tumbili wakaruka uani kwa jirani yake, Mbwana. Hasina, binti yake wa miaka minne, alikuwa anakula hamri. Yule jike akalivuta. Mtoto akaling'ang'ania, akang'atwa mkono.

Bi Mwanapili aliporudi tu, alimkuta Mbwana mlangoni pake.

"Tumbili wako amemng'ata mwanangu! Sumu nimeshanunua. Kesho naipaka kwenye ndizi."

"Wangu? Mimi nafuga tumbili, Mbwana?"

"Unawaandalia karamu kila siku! Umebakisha kuwatandikia mkeka tu!"

Bi Mwanapili alimfikiria yule mwenye mtoto kifuani.

Mke wa Mbwana alikuwa amempigia simu Kadzo, msichana wa mtaa wao anayefanya kazi ya kulinda wanyama. Alifika mbio.

"Shikamoo, mama. Kaka Mbwana, ugomvi baadaye. Fungueni bomba. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Kisha mtoto aende hospitali sasa hivi. Huenda akahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa."

"Lakini huyu ni tumbili, si mbwa."

"Wanyama wengine pia huweza kuambukiza. Hatubahatishi, kaka."

Jioni, Hasina alipokwisha kuchomwa sindano, Kadzo aliketi nao.

"Sumu hiyo italiwa na paka, na kuku, hata mtoto. Tena kuwaua ni kosa kisheria. Na hawa wakifa, maadamu chakula kipo, watakuja wengine."

"Tufanye nini basi?" aliuliza Mbwana.

"Tusiwalishe. Tumbili anayelishwa na watu hupoteza woga, na asipopewa, hunyang'anya. Taka zifunikwe vizuri. Matunda yachumwe mapema. Madirisha yawekwe wavu. Mtoto asile nje wanapopita. Wakisogea, msikimbie wala msiwakazie macho. Rudini nyuma polepole."

"Na yule mwenye mtoto?" Bi Mwanapili aliuliza kwa sauti ndogo. "Atakula nini?"

"Majani, mama, na matunda ya msituni. Ndivyo alivyokuwa akila kabla yako."

Maneno hayo yalimchoma.

Mbwana aliinuka. "Nangoja mwezi mmoja, Bi Mwanapili. Wakiendelea kuja, usinilaumu."

Kesho yake jike alikaa ukutani, akangoja. Bi Mwanapili alisimama nyuma ya dirisha, machozi yakimlengalenga. "Nenda, mama," alinong'ona. "Nenda, usije ukauawa." Akajifunza kupima mchele kikombe kimoja. Pipa la taka akalifunika, akaweka na jiwe juu. Jike alikuja siku tisa. Siku ya kumi hakuja.

Mwezi ulipokwisha, Hasina alikuwa akicheza uani, kidonda kimepona. Mbwana alimkabidhi Kadzo ile sumu.

Adhuhuri moja, Bi Mwanapili akiosha sufuria nje, alisikia majani yakitikisika. Kundi lilikuwa likipita juu mitini. Yule mtoto alikuwa habebwi tena. Aliruka mwenyewe, tunda la msituni mdomoni, nyuma ya mama yake. Jike akasimama, akatazama chini.

Moyo wa Bi Mwanapili ulivutika. Lakini mikono yake aliiacha ndani ya maji, wala hakumwita.

Jike akageuka, akapita. Bi Mwanapili aliendelea kuyasikiliza majani mpaka yakatulia.