Mkwe Wangu Alifunga Kamba, Binti Yangu Akashika Tawi

"Leo utakufa vizuri, Baba," mkwe wangu aliniambia huku akikaza fundo la mwisho.

Kamba ilikuwa ya katani, ile ya kufungia mizigo. Mikono nyuma ya kiti cha abiria. Miguu pamoja. Kifua na kiti vimekuwa kitu kimoja.

Akanifunga kitambaa mdomoni, akabamiza mlango wa lori.

Nyuma yake alisimama binti yangu wa pekee, ambaye ni mke wake. Anatabasamu.

Msikimbilie polisi, wasomaji wangu. Ilikuwa filamu.

Ila kaeni hapo hapo. Kuna mahali ilikoma kuwa filamu, na mpaka leo sijui ni nani aliyepaona kabla yangu...

Wengi mnanijua kwa ukurasa huu. Dereva mstaafu, aliyejifunza kusoma darasa la jioni akiwa na mvi kichwani, sasa anachambua filamu. Na ugonjwa wangu mnaujua: filamu za barabarani za vijana wasio na hela. Lori moja, jambazi mmoja, barabara ndefu, mtu anakimbizwa.

Nazipenda, sifichi. Barabara ni ya kweli, vumbi ni la kweli, jasho halikupakwa na mtu. Filamu kubwa italipua magari kibao huku wewe unatafuna karanga. Hizi, gari likigoma kuwaka tu, roho inakupanda kooni.

Lakini kasoro zake, wanangu...

Gari lilelile linapita mara tatu, eti ni magari matatu. Sauti zinawekwa baadaye chumbani, mtu yuko porini anaongea kama yuko bafuni. Mateka kafungwa kamba ambayo mtoto wa chekechea angeifungua.

Na ile niliyoicheka humu mkaisambaza sana: gari linakimbia roho mkononi, halafu chini ya tairi kuna jiwe limelizuia lisiondoke.

Mkwe wangu aliyasoma yote hayo. Yeye ndiye mwongozaji. Aliponiomba niwe dereva aliyetekwa, ndani ya lori langu mwenyewe, nilimpa sharti.

"Uhalisia," nikamwambia. Neno hilo nililipata ukubwani, nalivaa kama koti jipya, hata kukiwa na joto. "Nifunge kweli. Na nikihangaika, usikatishe."

"Baba, una uhakika?"

"Maisha yangu yote nimelala ndani ya lori. Litanifanya nini leo?"

Binti yangu akacheka. "Muache. Akishasema uhalisia, hapo hata Mama alikuwa anasalimu amri."

Tulikuwa kwenye barabara ya zamani, kipande kilichoachwa baada ya barabara kuu mpya kujengwa. Mteremko mrefu, hakuna magari. Kule chini kabisa, inaingia kwenye hiyo kuu. Kule mabasi yanapita kama yametupwa.

Lori lilikuwa limesimama. Hiyo ndiyo siri ya filamu hizi, gari haliendi. Mtu mmoja analitikisa kwa gogo. Mwingine anapitisha tawi dirishani, kivuli chake kikupite usoni kama miti ya njiani. Kamera inabaki usoni mwako. Basi, mko safarini.

Gogo alishika jambazi wetu, Bucha. Ni muuza nyama kweli, na mikono anayo.

Tawi alishika binti yangu.

Mpiga picha, tunamwita Miwani, akainama kwenye kamera yake pembeni ya barabara.

"Bosi, naanzia kwenye bampa ndiyo nipande usoni. Lakini jiwe linaingia kwenye picha."

"Litoe," mkwe wangu akasema. "Mzee asije akatuanika mtandaoni."

Wakacheka wote. Nikalisikia jiwe likikwaruza lami.

Nikasema, "Rudisheni hilo jiwe."

Kilichotoka ni "Mmmm."

"Safi, Baba. Itunze hiyo hiyo, bado hatujaanza."

Bucha akajaribu gogo lake. Lori likagoma kutikisika.

"Liko kwenye gia hili," akasema. "Ndiyo maana ni zito kama deni."

Akafungua mlango wa dereva, akaingiza mkono wake mnene mbele ya macho yangu, akatoa gia.

Nikapiga kelele. Nikatupa kichwa huku na huku.

"Mzee kashaingia kwenye uhusika," Bucha akasema kwa heshima, akafunga mlango taratibu.

Sasa niwaeleze breki ya mkono ya lori langu. Ni kama mlinzi mzee wa getini. Kazini yupo, sare kavaa, ila amelala. Lori lile linaegeshwa kwa gia na jiwe. Gia imetoka. Jiwe limetoka.

Nikamgeukia binti yangu dirishani. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kunusa mafuta yake ya nywele. Huyu nilimfundisha kuendesha ndani ya lori hili hili. Nikamtazama, nikatazama breki, nikamtazama tena.

Akaniinamia, akanong'ona.

"Macho hayo hayo, Baba. Usiyapoteze."

"Haya, twende," mkwe wangu akaita.

Gogo likaanza. Lori likayumba kama liko kwenye mashimo. Kivuli cha tawi kikapita. Kingine. Kingine...

Halafu vivuli vikaanza kupita vyenyewe.

Nikatazama dirishani. Binti yangu hayupo. Amebaki nyuma, tawi mkononi.

Lori linakwenda.

Ndugu zangu, nimewahi kukatikiwa breki mlimani na mzigo mgongoni. Lakini siku ile nilikuwa na mikono. Nilikuwa na miguu. Hata kumuomba Mungu nilimuomba kwa sauti.

Safari hii nilikuwa abiria wa gari lisilo na dereva. Usukani ulikuwa unacheza wenyewe, kulia, kushoto, kama kuna mtu amekaa pale nisiyemuona. Pedali ya breki iko pale, naiona, inang'aa mahali nilipoikanyaga miaka yote. Nikavuta kamba mpaka ngozi ikachubuka. Fundo lilikuwa zuri. Nilikuwa nimeliomba.

Nikaisikia honi ya basi kutoka barabara kuu, bado haijanihusu. Kisha nikayaona mabasi yenyewe.

Nikaacha kuhangaika. Hilo ndilo ambalo hakuna filamu imewahi kunionyesha. Mateka wa filamu huhangaika mpaka mwisho. Mimi nilitulia tu, nikawa nayatazama mabasi yanavyokua.

Kilichoniokoa ni ubovu. Lori langu huvuta kushoto. Kila dereva aliyeliazima amelilalamikia, na mimi kila mara nasema nitalipeleka kwa fundi. Likavuta kushoto kama kawaida yake, likaacha lami, likachomeka pua kwenye mtaro. Mbele yangu basi lilipita, abiria mmoja akanipungia mkono.

Binti yangu ndiye aliyefika wa kwanza. Pekupeku, analia mpaka hana sauti. Akanitoa kitambaa.

Nanyi mnajua neno la kwanza lililonitoka?

"Mmeipata?"

Akacheka na kulia kwa pamoja, akanilalia kifuani. Mkwe wangu alikaa chini kwenye majani. Bucha akawa anarudia, "Mimi nilitoa gia tu jamani, mimi nilitoa gia tu."

Filamu ikatoka. Ukumbi ulijaa. Ilipofika pale, mama mmoja mbele yangu akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilifumba macho. Kilio changu walikuwa wamekitoa, wakaweka cha Bucha alichorekodi chumbani, maana changu eti hakikusikika vizuri.

Wakati wa kutoka jamaa mmoja akanishika mkono.

"Mzee, umeigiza."

"Sikuigiza, kijana."

"Ndivyo wakubwa wote wanavyosema."

Nimejaribu kumwambia kila mtu. Jirani kacheka. Daktari wangu kaomba tupige picha.

Basi juzi nikaenda kwa Miwani. Nilitaka kuiona picha yenyewe kabla haijakatwa, na sauti yake ya kwanza, ile inayotupwa. Nilitaka ushahidi.

Akaniwekea, akatoka kwenda kuongea na simu.

Nikaliona lori langu likiondoka. Nikamsikia mkwe wangu akipiga yowe, "Baba! Linaondoka kweli!" Nikasikia viatu vyake vikikimbia. Bucha naye, mbio. Kamera ikaanza kushuka. Miwani alikuwa anaiweka chini, akimbie na yeye.

Halafu ikasikika sauti karibu kabisa na kamera. Sauti ninayoijua tangu ilipokuwa inajifunza kuniita.

"Usizime."

Kamera ikainuka. Ikatulia. Baada ya hapo ndipo binti yangu anaonekana akivua viatu na kukimbia, akiwapita wanaume. Lile tawi limelala barabarani.

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena na tena. Haikuwa sauti ya mtu mbaya. Ilikuwa sauti yangu mimi, ninapomwelekeza mtu akate kona.

Nimwambie nini? Kwamba alichelewa kunikimbilia? Mimi mwenyewe nilipofunguliwa mdomo niliulizia picha kabla ya kuulizia roho yangu.

Somo langu, wasomaji: ukiwafundisha watu kwamba kitu kizuri ni kile cha kweli, wafundishe pia wakati wa kukiacha. Mimi la kwanza nililisema kila siku. La pili sikulisema hata mara moja.

Atakayemtukana binti yangu kwenye maoni, nitamfungia. Sitanii.

Sasa hivi ameniletea chai. Ameiweka mezani, amesimama nyuma ya kiti changu.

"Unaandika nini, Baba?"

"Maoni ya filamu yenu."

"Hatimaye. Umesemaje?"

"Nguvu zake na kasoro zake."

"Kuna sehemu hukuelewa? Nikueleze?"

Chai imepoa, ameshasogea mlangoni, bado anasubiri, na mimi naendelea kuandika.