Usisimame Mlandizi

Foleni ya kituo cha mafuta cha Picha ya Ndege ilikuwa imefika barabarani, na Salama alikuwa katikati yake, dera la zambarau limempendeza, hina bado mbichi vidoleni. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na gari lake la dizeli lilijaa maua, mapazia na kiti cha bibi harusi kilicholazwa kifudifudi. Mara feni ikanguruma chini ya boneti, harufu ya kuungua ikamjaa puani, na ile taa ya njano iliyomsumbua wiki nzima ikawa inamkodolea macho kwenye dashibodi. Akapeleka mkono azime injini.

"Usizime, dada."

Aliyesema hayo alisimama dirishani, kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, viatu vimejaa udongo mwekundu. Nyuma yake kulikuwa na pikapu ya miche ya michungwa.

"Gari inanuka, kaka. Unataka niungue humu?"

"Yanaungua masizi tu. Hizi dizeli za siku hizi zina chujio kwenye ekzosi, linanasa ule moshi mweusi. Likijaa, gari inayachoma yenyewe. Ukizima unaikatisha. Umeshaizima mara ngapi?"

"Kila inaponuka," Salama alijibu. "Marehemu baba alikuwa dereva wa lori. Alinifundisha, gari ikinuka, zima."

"Mzee alikuwa sahihi kwa lori lake. Hii inataka barabara ndefu, mwendo mmoja, bila kusimama, mpaka taa izime yenyewe. Wewe safari zako zinaishia wapi?"

"Mkuza na hapa. Hapa na Mkuza."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Hata yangu iliugua hivyo hivyo."

Salama alimtazama juu mpaka chini. "Nimetongozwa kwa mengi, kaka, lakini kwa masizi, hii ni mara ya kwanza."

Kijana alicheka mpaka akashika mlango. Aliitwa Khalfani, ana kitalu cha miche Kisarawe. Salama akazima gari kwa ubishi tu, lakini namba akatoa.

Simu zikaanza. Kila jioni, kabla ya magharibi, lazima iite.

"Mpambaji wangu, umeshindaje?"

"Nimeshinda na bibi harusi anayelia. Na wewe, mkulima wangu?"

"Nimeshinda na miche. Yenyewe hailii, ila haina sauti tamu kama yako."

"Kwenda huko."

Lakini hakukata simu. Alimpenda, na hakuona sababu ya kujificha. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akimwita "mpenzi" mbele ya wateja wake, na wateja walikuwa wanamtania kwamba sasa ajipambe mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi wakaamua kuitibu ile taa. Salama akashika usukani, Khalfani akakaa pembeni na miwani yake ya jua, wakaifuata barabara ya Morogoro. Walipokaribia Mlandizi feni ikanguruma.

"Imeanza," Khalfani alisema. "Sasa usisimame kwa lolote."

Na hapo hapo, pembeni ya barabara, kundi la wanawake wa kanga walikuwa wakitoka kwenye shughuli. Mbele yao alisimama mama yake Salama, na shangazi yake, Bi Mwanamvua. Wote wawili walilitambua gari. Wote wawili wakanyoosha mikono.

Angekuwa anakimbia, labda wangedhani hakuwaona. Lakini pale mwisho wa mwendo ni hamsini, na trafiki alikuwa kivulini anasubiri wenye haraka. Salama akawapita polepole, macho mbele kama mtu anayepigwa picha ya paspoti, mwanamume wa miwani pembeni yake. Hakuna shikamoo, hakuna hata honi.

Simu ikaita. Mama. Salama akaegesha pembeni ya barabara, akazima injini.

"Umetuona?" mama aliuliza.

"Nimewaona, mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia marahaba. Alikata.

"Ulikuwa bado kidogo tu," Khalfani alisema, akiitazama taa.

"Kidogo tu? Umenifanya nimpite mama yangu kama nguzo ya umeme, wewe unaangalia taa?"

"Yule alikuwa mama? Salama, ungeniambia, ningeshuka mwenyewe nikamwamkie."

"Shuka sasa. Na usinipigie tena."

Alimwacha pale pale, akageuza. Jioni ujumbe wa shangazi ukamfikia: mwanamume anayemfundisha binti kuwapita wazee wake hatakanyaga mkeka wao. Salama alijua maana yake. Baba hayupo, posa yake ingepokelewa kwa neno la Bi Mwanamvua, na neno lilikuwa limeshatoka. Simu ya Khalfani iliita, ikaita, hakupokea. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa kummisi, na kilio cha pili ndicho kilichokuwa kirefu.

Taa nayo haikuzimika. Akaipeleka gari kwa fundi Kondo, pale Mkuza, ambaye alikuwa tayari na grenda yake.

"Tunakata ekzosi, tunatoa chujio lote, unasahau," Kondo alisema. "Ila ngoja niipime kwanza."

Akachomeka mashine, akakuna kichwa. "Mbona masizi yamepungua? Yamefika nusu. Hii gari ilikuwa inajisafisha vizuri kabisa, kuna mtu kaikatisha."

Salama alijua aliyeikatisha ni yeye mwenyewe. Khalfani alikuwa hana uongo. "Rudisha grenda yako, Kondo," alisema. "Naenda kwa mama yangu."

Alifika Mlandizi amejiandaa kupiga magoti, akakuta pikapu uani. Khalfani, aliyeulizia nyumba mpaka akaipata, alikuwa ameketi mchangani, nje kabisa ya mkeka, kanzu yake imeshapata vumbi. Bi Mwanamvua alikuwa kwenye mkeka, peke yake, ameinyoosha miguu ili usipatikane upenyo, na mama amesimama mlangoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia asisimame," Khalfani alikuwa akisema. "Kosa ni langu. Mkiadhibu, niadhibuni mimi, yeye msimnunie."

"Mwongo," alisema Salama. "Nilikuwa naendesha mimi. Mama, shangazi, shikamooni. Nisameheni. Lakini mtu huyu alisema kweli, taa ya gari huzimika usiposimama, na nampenda."

Mama aliwatazama. Alikuwa mke wa dereva miaka mingi, na gari bovu alilijua. "Marahaba," akasema mwishowe. "Basi tupakieni tuione hiyo kweli."

Wakapanda wote wanne, shangazi akikalia mapazia ya harusi ya watu. Wakavuka mto Ruvu, feni ikanguruma, harufu ikaja. Mguu wa Salama haukulegea. Vijiji vikapita, mashamba yakapita. Kisha feni ikatulia, na ile taa ya njano, kimya kimya, ikazimika.

Mama akapiga kigelegele kilichomshtua mwendesha bodaboda. Shangazi akajikaza, akashindwa, akapiga chake, kirefu zaidi.

"Mama," Khalfani alisema, "naomba nilete wazee."

"Muulize mwenye usukani."

"Salama, mpenzi. Nikuoe?"

"Nioe," Salama alisema, machozi yakimtiririka na meno yote nje. "Kisarawe tunapitia wapi?"

"Mwanangu, posa huletwa, haifuatwi," mama alisema.

"Hatufuati posa. Tunakwenda kuona miche."

Jua lilikuwa linalainika walipoingia kwenye kitalu. Mama yake Khalfani, Bi Hajira, alitoka na ndoo mkononi, akashangaa kuona gari la maua mlangoni kwake. Bi Mwanamvua ndiye aliyeshuka wa kwanza, akajifunga kanga vizuri.

"Hodi hapa. Sisi ni watu wa Mlandizi. Tumekuja kuwaambia posa yenu tumeikubali."

Bi Hajira akaweka ndoo chini. "Posa ipi, dada yangu?"

"Hiyo mtakayoileta Ijumaa."