Fundi Rangi Ndani ya Kiwanda cha Sabuni

Ndugu zangu, nyumba ya Fundi Rangi ilikuwa nyumba ya vicheko. Jumamosi asubuhi mkewe hushona sare za shule dirishani, binti yao Kidoti, wa miaka kumi na miwili, humwagilia nyanya zake za kwenye ndoo, naye baba huosha brashi akiimba. Amani tupu. Siku moja akajirekodi akizurura kwenye nyumba iliyohamwa, akairusha video hiyo mtandaoni. Watu elfu mbili wakaitazama! Tangu hapo mtu akalewa bila kunywa. Brashi zikakauka, wateja wakipiga simu hapokei.

"Baba Kidoti, sebule ya mwalimu umeiacha nusu nyekundu nusu nyeupe," mkewe alimwambia. "Mwenzio anaishi ndani ya bendera."

"Kesho, mama. Leo naingia kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Ghorofa tatu! Watu wananisubiri."

"Basi mtoto mwache."

"Na simu atanishikia nani?"

Wakapenya kwenye pengo la uzio wa mabati. Loo! Matangi makubwa kama nyumba, minyororo ikining'inia, popo wakatimka kwa kishindo. Harufu ya sabuni ilikuwa bado haijatoka ukutani. Moyo wa Fundi Rangi ulidunda kwa furaha, alijiona mfalme.

"Tupo laivu, wapendwa! Twende juu!"

Watazamaji mia tatu. Mia tano. Ghorofa ya pili sakafu ilikuwa ya mbao.

"Baba, sakafu inalia," Kidoti alisema.

"Hiyo ndiyo raha yake, mwanangu! Wangapi sasa?"

"Mia tisa."

Mia tisa! Akaanza kutembea kinyumenyume, uso kwenye simu, mikono hewani. Jamani, anayetembea kinyumenyume asililaumu shimo. Ubao ulivunjika mara moja, kwa mlio kama wa bunduki, na baba mtu akatoweka.

Alipofumbua macho alikuwa chini, mguu umekunjwa mahali pasipokunjika. Juu, kwenye tundu, aliuona uso wa bintiye aliyelala kifudifudi.

"Kidoti! Rudi nyuma, utaanguka! Waambie hao watu watuitie msaada!"

"Nimewaambia, baba."

"Wanasemaje?"

Mtoto akasoma huku akilia. "Wanacheka. Mmoja anasema urudie tena."

Maumivu ya mguu yalikuwa makali, lakini neno lile lilimchoma zaidi.

"Zima," akasema kwa sauti ndogo. "Mpigie mama yako."

Mama alifika mbio, futi ya kupimia ingali shingoni, na nyuma yake mwalimu yule yule wa sebule ya rangi mbili pamoja na majirani wawili. Waling'oa mlango wa stoo, wakamlaza juu yake, wakambeba hadi hospitali. Kati ya wale mia tisa, hakuna hata mmoja aliyeshika pembe ya mlango.

Mguu uliunga, ila ulipinda. Leo Fundi Rangi hapandi ngazi. Anapaka pale mkono unapofika. Juu anamlipa mwingine. Kidoti hadi sasa akisikia mbao zikilia hushika mkono wa mtu.

Mafunzo

Sifa za wasiokujua ni maji ya chumvi: ukinywa, kiu inazidi. Usimtie mtoto hatarini ili wageni wapige makofi. Na anayekwambia "mwache mtoto", msikilize mapema. Ndiye utakayemwita ukianguka.